Jani la Mtini Lisilochoma

Jani la mtini likichanwa hutoa harufu mbili kwa mpigo. Ya kwanza ni ubichi mkali wenye uchungu, jirani wa harufu ya jani la mnyanya lililofikichwa kwa vidole. Ya pili iko chini yake, tamu na laini, inakaribia tui la nazi. Hutoa pia utomvu mweupe, na utomvu huo ukipigwa na jua juu ya ngozi huleta malengelenge, kisha baka jeusi linalodumu kwa wiki kadhaa. Ndani yake mna psoraleni na bergapteni, kemikali zinazofyonza miale ya urujuanimno na kuunguza chembe hai za ngozi. Bergapteni hiyohiyo imo katika ganda la bergamoti, tunda la Calabria, kusini mwa Italia, ambalo mafuta yake ni msingi wa manukato mengi mepesi ya Ulaya. Ndimu nayo ina kemikali za ukoo huo. Mtu aliyekamua ndimu nyingi nje saa sita mchana, bila kunawa mikono, huenda akaamka siku mbili baadaye na mabaka asiyojua yametoka wapi.

Basi mtunga manukato anayetaka kuunganisha machungwa na tini kwa ajili ya msimu wa joto anaanza na mimea isiyoelewana na jua, ilhali juani ndiko kazi yake itakakovaliwa. Katika majibu yote ya tatizo hili niliyowahi kuyanusa, bora kwangu bado ni la Jean-Claude Ellena: Un Jardin en Méditerranée, manukato aliyoitungia nyumba ya mitindo ya Hermès mwaka 2003. Mwaka uliofuata nyumba hiyo ilimwajiri kuwa mtungaji wake wa kudumu.

Hermès walimpeleka Hammamet, Tunisia, kwenye bustani ya Leïla Menchari, msanii aliyepamba madirisha ya duka lao la Paris kwa zaidi ya miaka thelathini. Ellena amesimulia kwamba humo alimwona mwanamke akichukua jani la mtini, akalichana, akalinusa na kutabasamu. Akajua amepata alichokifuata. Lakini jani lenyewe lisingeweza kuingia kwenye chupa. Dondoo la jani la mtini limepigwa marufuku na IFRA, chombo cha kimataifa kinachosimamia usalama wa viambato vya manukato, kwa sababu linaamsha mzio na linaunguza ngozi juani.

Kwa bergamoti, ufumbuzi ni wa kiwandani. Mafuta yake hukamuliwa kutoka kwenye ganda bila moto, kwa kupasua vifuko vidogo vinavyoonekana kama vitundu juu ya tunda. Mafuta ya namna hiyo hubeba kila kilichomo, bergapteni pia, na kanuni za IFRA huyawekea kikomo cha asilimia 0.4 katika manukato yatakayobaki kwenye ngozi yenye kupigwa na jua. Kiasi hicho hakitoshi kufungua manukato ya machungwa. Kwa hiyo mafuta husafishwa: huchemshwa katika ombwe ili yenye harufu yapande na bergapteni, iliyo nzito, ibaki chini, au hupitishwa kwenye alkali inayovunja umbo la bergapteni. Bahati njema ni kwamba bergapteni yenyewe haichangii harufu kwa kiasi cha maana. Pua iliyozoea itatambua kwamba mafuta yaliyosafishwa yamepungua ukali wa ganda, lakini ni bergamoti bado.

Kwa tini hakuna cha kusafisha. Lazima ijengwe upya kutoka sifuri, na hapa ndipo fani inaponifurahisha zaidi. Watunga manukato huanza na viungo viwili. Kimoja ni Stemone, molekuli iliyobuniwa na kampuni ya Givaudan, ambayo ikiwa peke yake hunukia ubichi wa jani lililokatwa, na kwa mbali mnanaa. Ni kali mno. Huwekwa kwa kiasi kidogo sana. Kingine ni laktoni ya gama, ama yenye kaboni nane ama yenye tisa. Hiyo ya kaboni tisa ndiyo nazi tupu, na ndiyo inayotumika katika mafuta ya kujipaka ufukweni. Ile ya kaboni nane ina nazi kidogo, na nyasi kavu, na utamu usioshiba. Hakuna kati ya hizo inayotosha peke yake kuwa tini. Zikiwekwa pamoja kwa uwiano ufaao, pua huona mtini mzima: jani, utomvu, na tunda ambalo halijaiva sawasawa. Ongeza mti mkavu kidogo chini yake, unapata na gome.

Ellena, mzaliwa wa Grasse, Ufaransa, mwaka 1947, amejenga sifa yake juu ya fomula fupi, na tini ya namna hii inamfaa mno. Dondoo la asili ni zito. Lina mamia ya vitu ndani yake, na kila kimoja kinadai nafasi. Tini iliyojengwa kwa vitu vichache ina uwazi. Unaweza kuinusa na bado ukanusa kilicho nyuma yake. Marufuku ya IFRA kwa maoni yangu haikumnyima chochote. Ilimsukuma kwenye njia ambayo mkono wake ulikuwa tayari kuifuata.

Swali gumu zaidi ni la muda. Zaidi ya asilimia 90 ya mafuta ya ganda la chungwa ni limonini, molekuli nyepesi inayoruka hewani upesi hata penye baridi. Kwenye ngozi yenye jasho, chungwa huwa limekwenda kabla hujafika kituo cha basi. Bergamoti hukaa zaidi kidogo kwa sababu ina limonini kidogo kuliko chungwa na ina linalili asetati kwa wingi, iliyo nzito kuliko limonini na laini zaidi puani. Hata hivyo, bergamoti nayo haivuki saa moja. Edmond Roudnitska, ambaye Ellena anamhesabu kuwa mwalimu wa fikra zake, alishughulika na tatizo hili mwaka 1966 katika Eau Sauvage ya Dior. Alitumia Hedione, molekuli yenye harufu ya asumini nyepesi sana, yenye hewa, ili ubaridi wa limau uendelee kusikika baada ya limau lenyewe kuondoka.

Ellena ameipa tini kazi hiyohiyo. Manukato yanafunguka kwa bergamoti, chenza na limau, lakini ubichi wa jani upo tangu dakika ya kwanza, umefunikwa tu. Machungwa yanapopungua, uchungu wao unapokewa na uchungu wa jani, na pua haioni pengo lolote. Ua la mdanzi liko katikati, nalo limechaguliwa kwa akili: ni mmea mmoja na danzi, kwa hiyo lina undugu na machungwa ya mwanzo, na lina utamu unaoelekea upande wa laktoni. Halafu miti mikavu, saipresi na mwerezi mwekundu. (Mwerezi mwekundu wa watunga manukato kwa hakika ni jamaa wa karibu wa mtarakwa wa milima ya Kenya, na anayejua harufu ya penseli iliyochongwa anaujua.) Ukavu huu ndio unaoizuia laktoni isigeuke pudingi joto linapozidi.

Olivia Giacobetti ndiye aliyeifungulia tini mlango katika manukato ya kisasa, kwa Premier Figuier ya L'Artisan Parfumeur mwaka 1994 na Philosykos ya Diptyque mwaka 1996. Ni kazi kubwa zote mbili, na Philosykos inanukia mtini kwa ukweli ambao Ellena hakuufikia wala hakuutafuta. Lakini zinaegemea utomvu na maziwa. Katika kiangazi kikavu cha Ugiriki zinapendeza. Katika unyevu wa Dar es Salaam mwezi wa Februari maziwa hayo yanavimba na kuziba njia. Kwa upande wa pili iko Fico di Amalfi ya Acqua di Parma, iliyotoka mwaka 2006, yenye balungi na limau tele na tini iliyo tunda zaidi kuliko jani. Mwanzo wake unachangamsha kuliko wa Ellena. Tatizo ni kwamba tunda halina uchungu wa kuupokea uchungu wa machungwa, hivyo puani mwangu yanabadilika ghafla kutoka ubaridi kwenda utamu, na utamu ndio unaobaki mchana kutwa.

Wapo wanaolalamika kwamba Un Jardin en Méditerranée inafifia baada ya saa tatu au nne. Ni kweli inafifia. Ili idumu zaidi ingebidi kuongeza miski nzito au ambari chini, na vitu hivyo havisubiri zamu yao: vinasikika tangu mwanzo, na kwenye joto vinapanda haraka na kuufunika ubichi wote uliojengwa kwa uangalifu. Anayetaka ikae zaidi aipulizie nguo ya pamba, maana kitambaa hakina joto la ngozi na huachilia harufu polepole. Kwa kanzu nyeupe apulizie upande wa ndani, kwani baadhi ya mafuta ya jamii ya machungwa yana rangi ya njano.