Fanksheni Isiyojua Kukataa

Anayeandika moduli yake ya kwanza ya kerneli ya Linux hulifikia swali hili mapema: kielekezi anacho, lakini baiti zenyewe zimekaa wapi ndani ya RAM? Akipekuapekua msimbo hukutana na virt_to_phys. Anaiita, anapewa nambari, anaendelea na kazi. Nambari hiyo huenda haina maana yoyote.

Kwenye prosesa za x86 za biti 64, fanksheni hiyo haifungui jedwali lolote. Kerneli huipanga RAM yote mfululizo katika eneo moja la anwani pepe, kwa hiyo kutafsiri anwani ya eneo hilo ni hesabu ya kutoa tu. Kumbukumbu iliyoombwa kwa kmalloc imo humo, na jibu lake ni sahihi. Ya vmalloc haimo: kurasa zake zimeokotwa huku na kule, zikaunganishwa ili zionekane kipande kimoja, na kila ukurasa huulizwa peke yake kwa vmalloc_to_page. Anwani ya programu ya mtumiaji ndiyo haimo kabisa. Lakini virt_to_phys hupokea zote na kuzijibu zote, bila kosa wala onyo, labda kerneli iwe imejengwa na CONFIG_DEBUG_VIRTUAL.

Kwa anwani ya mtumiaji hakuna njia ya mkato. Unapita inapopita prosesa yenyewe. Chukua 0x7f3a5c2d1e48. Kwenye mashine ya ngazi nne, biti 48 hukatwa mafungu manne ya biti 9, zikabaki 12. Hapa tunapata 254, 233, 225 na 209, na masalio 0xe48. Rejista CR3 inashika mahali lilipo jedwali la juu la mchakato. Ingizo lake la 254 linakupeleka jedwali la pili, huko la 233 linakupeleka la tatu, la 225 la nne, na la 209 linakupa fremu ya ukurasa wa baiti 4,096. Bandika 0xe48 mwishoni, umefika. Katika msimbo ni pgd, p4d, pud, pmd, pte. P4d ni ya ngazi ya tano iliyoongezwa 2017, na kwenye mashine ya ngazi nne unaipita tu.

Pabaya ni pale kwenye 225. Ingizo hilo huenda halielekezi jedwali bali ukurasa mkubwa wa MB 2, na biti moja tu ndiyo inayosema hivyo. Usipoipima, utasoma data ya mtumiaji ukidhani ni jedwali. Masalio nayo si biti 12 tena, ni 21.

Hata jibu sahihi huchakaa. Kerneli inaweza kuuhamisha ukurasa au kuupeleka kwenye diski hata ukiwa bado umeshika kufuli la mmap_lock. Anayetaka utulie hutumia pin_user_pages, iliyoingia 2020. Kwa maoni yangu, moduli nyingi zinazotafuta anwani halisi hazikuihitaji. Ikiwa ni ya kupewa kifaa, dma_map_single ndiyo yenye jibu, kwa sababu penye IOMMU kifaa huona anwani nyingine kabisa.

Anwani ya kuhakiki tu inapatikana bila moduli: /proc/PID/pagemap ina baiti 8 kwa kila ukurasa pepe, na namba ya fremu imo humo. Isome ukiwa root. Tangu 2015, baada ya shambulio la Rowhammer, asiye na mamlaka huonyeshwa sifuri.