Mgeni Njoo, Breki Ipone

Kijiweni, pikipiki husifiwa kwa injini yake. Utasikia habari za cc, za gia ya tano, za mlima uliopandwa na abiria wawili bila injini kuguna. Breki hazina malenga. Hutajwa siku zilipokataa kushika, na siku hiyo anayezitaja kwa kawaida ni trafiki au muuguzi. Nami nataka kuwasifu watu ambao kazi yao ikifaulu haiachi kisa cha kusimulia: mafundi wanaochukua breki za pikipiki ya aina moja wakazifunga kwenye nyingine, na hiyo ya pili ikasimama vizuri kuliko ilivyotoka kiwandani.

Tuanze na Boxer, kwa kuwa ndiyo inayowalisha wengi. Nyingi zinazobeba abiria Tanzania na Kenya zina breki ya ngoma mbele na nyuma. Ngoma si ya kudharauliwa. Bei yake ni nafuu, tope haliiingii kwa urahisi, na kijana yeyote mwenye spana anaweza kuikaza kwa nati moja iliyo mwisho wa waya. Ukivuta kishikio, waya huzungusha kamu, kamu hutanua breki shuu mbili, nazo hujibana kwenye ukuta wa ndani wa hapu. Shuu mojawapo huvutwa ijibane zaidi na mzunguko wa gurudumu lenyewe, kwa hiyo mkono hupata msaada wa bure. Kwa safari za Sinza hadi Mwenge, jijini Dar es Salaam, ngoma iliyotunzwa inatosha.

Haitoshi pale ardhi inapoinama. Barabara ya kutoka Lushoto hadi Mombo huteremka karibu mita 1,000, ikijipinda ubavuni mwa milima ya Usambara. Chukua pikipiki, dereva, abiria mmoja na gunia la viazi, jumla kilo 300. Kuusimamisha mzigo huo kutoka mwendo wa kilomita 60 kwa saa hutoa joto la kutosha kupandisha lita moja ya maji nyuzi 10. Kuuteremsha mita 1,000 hutoa joto mara sabini ya hilo, yaani la kuchemshia karibu lita tisa. Upepo hubeba sehemu yake, injini iliyowekwa gia ndogo hubeba nyingine, na kinachobaki hakina pa kwenda ila kwenye breki. Ndani ya ngoma joto hilo halina mlango. Hapu ikipata moto hutanuka, ukuta wake ukazikimbia shuu, na kwa kila kona kishikio hukaribia mpini. Kisha shuu zenyewe hupoteza ukali. Dereva anavuta mpaka mwisho, na pikipiki bado inakwenda.

Diski hufanya kazi nje, machoni pa watu na kwenye njia ya upepo. Ikipata moto na kutanuka, haizikimbii pedi zinazoibana. Maji ya mvua hufutika juu yake baada ya mizunguko michache. Wazo lenyewe ni kongwe: Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski mwaka 1902, ingawa ilingoja nusu karne kupata heshima, pale Jaguar iliposhinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1953 kwa gari lenye diski. Kwenye pikipiki, Honda CB750 ya mwaka 1969 ndiyo iliyoifikisha diski ya mbele kwa mnunuzi wa kawaida. Huko India zinakotengenezwa Boxer, tangu Aprili 2019 sheria inataka pikipiki mpya za zaidi ya cc 125 ziwe na ABS, mfumo wa kuzuia gurudumu lisijifunge, unaofanya kazi na diski. Kwetu ngoma bado inauzwa mpya dukani. Pengo hilo ndilo ambalo fundi wa mtaani amejipa kazi ya kuliziba, na spea zake anazitafuta kwenye pikipiki zilizogongwa na kwenye maduka ya Kariakoo: spea za Pulsar, ndugu wa Boxer wa kiwanda kimoja, au za nyingine yoyote iliyotoka na diski mbele.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Hawakusema mgeni yeyote. Hapo ndipo ufundi unapoanza, kwa sababu undugu wa kiwanda si undugu wa vipimo. Asiyejua huona diski, kalipa inayobeba pedi, na bolti mbili, akadhani kazi ni ya kufungua huku na kufunga kule. Fundi huona mlolongo. Mguu wa shokapu ya Boxer ya ngoma hauna masikio ya kushikia kalipa. Una kizuizi tu cha kuishika sahani ya ngoma isizunguke. Wapo wanaochomelea sikio kwenye mguu huo. Lakini breki inaposhika, nguvu yote inayozuia gurudumu hupita hapo, na aluminiamu iliyochomelewa bila utaalamu hupasuka kimya kimya kwa miezi kabla ya kukatika kwa sekunde moja. Fundi anayejiheshimu hukataa. Anatafuta miguu mizima ya shokapu yenye masikio ya kiwandani, kisha anapima kama mirija yake inaingia kwenye vishikio vya usukani bila kulegea na bila kulazimishwa.

Akimaliza shokapu, anakuja kwenye gurudumu. Hapu ya mgeni huenda ina ekseli nene au nyembamba kuliko ya mwenyeji, na beringi zake zina kipimo chao. Hapa huingia mkereza vyuma, mtu ambaye jina lake halisikiki kijiweni. Anakereza bushi ya kuziba tofauti ya ekseli, anakereza vikingio vya pembeni ili rimu ikae katikati kabisa, na diski ipite katikati ya kalipa bila kuegemea pedi ya upande mmoja. Baadaye kamba inavutwa kutoka tairi la nyuma hadi la mbele kuhakikisha yote mawili yanafuata mstari mmoja. Hata mshale wa mwendo una neno lake: gia inayouendesha hukaa kwenye gurudumu la mbele, na ukileta hapu ya pikipiki nyingine, mshale unaweza kusema 50 wakati unakwenda 60. Fundi makini humwambia mteja jambo hilo kabla hajaulizwa.

Lakini moyo wa kazi yote uko kwenye hesabu ya maeneo mawili: pistoni ndogo ya masta silinda kwenye usukani, na pistoni kubwa ya kalipa kwenye gurudumu. Mafuta hayabanwi, shinikizo la juu ndilo shinikizo la chini, na nguvu huongezeka kadiri eneo la chini linavyozidi la juu. Masta silinda ya milimita 12.7 ikisukuma kalipa yenye pistoni moja ya milimita 30, nguvu inayoingia kwenye mafuta hutoka chini ikiwa mara 5.6. Sasa mteja analeta masta silinda ya pikipiki kubwa, ya milimita 14, inang'aa, kainunua kwa bei. Uwiano unashuka hadi 4.6. Kishikio kinakuwa kigumu na kifupi, kila anayekigusa anasema breki imekaza. Kumbe mkono sasa unadaiwa nguvu zaidi kwa moja ya tano na ushei ili kupata breki ile ile. Ukienda upande wa pili, ukafunga ya milimita 11, uwiano unapanda hadi 7.4. Mkono unapata raha, ila kishikio kinasafiri zaidi, na pedi zikilika kinaweza kugusa mpini kabla breki haijamaliza kazi.

Ndiyo maana nasema ufundi huu ni elimu ya uwiano, na kwamba ukubwa wa spea hauhusiani na ubora wa breki. Dunia ya pikipiki imejaa imani kwamba kikubwa hushinda: diski kubwa, pistoni nyingi, jina zito. Fundi wa kweli haitishwi na jina. Anaweka venia kwenye pistoni, anasoma namba iliyochorwa ubavuni mwa masta silinda, anapiga hesabu kwenye kipande cha boksi, halafu anakwambia spea yako ya gharama irudi dukani, tutafunga hii ya bei ndogo. Kukataa huko kunamgharimu, kwa kuwa wateja wengi hulipa kwa furaha zaidi wanapofungiwa walichokuja nacho. Anayekataa hata hivyo anastahili kuitwa fundi kwa herufi kubwa.

Yapo pia mambo madogo yanayotenganisha wastadi na wabahatishaji. Kalipa iliyotoka upande wa kushoto ikihamishiwa kulia inaweza kukaa na nipeli ya kutolea upepo ikiwa chini badala ya juu. Upepo hupanda, ukiuwekea mlango chini, utatoa mafuta mpaka jioni na kishikio kitabaki laini kama sifongo. Washa za shaba za kila kiungo cha mpira wa mafuta hutumika mara moja, kisha hutupwa. Mpira huo hupimwa urefu usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho kushoto na kulia, na shokapu zikiwa zimenyooka kabisa, kwa sababu ndivyo zitakavyokuwa gurudumu litakaporuka tuta. Kishikio hubakiziwa mwanya kidogo kabla hakijagusa pistoni. Mwanya huo ukikosekana, mafuta yakipata joto na kutanuka hayana njia ya kurudi kwenye kopo, na breki hujishika yenyewe katikati ya safari.

Na mafuta yenyewe ni DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko cha kopo kinavyoagiza, si oili ya injini, ambayo huivimbisha mipira ya ndani na kuiharibu. DOT 4 mpya haichemki chini ya nyuzi 230. Ikishanyonya unyevu wa hewa kwa muda, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Chupa iliyokaa wazi rafuni tangu masika yaliyopita ni sumu kwa atakayeteremka Usambara.

Kazi ikiisha, fundi hamkabidhi mteja ufunguo papo hapo. Pedi mpya na diski ya mtumba bado hazijazoeana. Anaiendesha mwenyewe mahali patupu, anakamata breki polepole mara nyingi, anaacha ipoe, anaikagua tena kila bolti. Halafu hutoa onyo ambalo ni sehemu ya kazi: breki hii si ile uliyoizoea, ukiikamata kwa hofu kwenye mchanga tairi la mbele litaponyoka. Tairi ndilo lenye neno la mwisho. Diski yoyote, hata ya mashindano, haiwezi kuishika lami kuliko mpira unaoigusa, na mwenye tairi la kipara aliyefungiwa diski amepewa njia mpya ya kuanguka.

Kazi hii ina watu wa kuichafua. Wapo wanaofunga kalipa kwa bolti ya kawaida ya dirishani, wanaouza pedi zisizojulikana zimetengenezwa na nini, na wanaoita kila kinachobana breki. Lawama zao huwaangukia wote, na mwenye chombo naye hana usalama wa kisheria akibadili breki bila kujali ukaguzi. Dawa ya hilo ni kuitoa elimu hii kwenye vichwa vya wachache. Vyuo vya ufundi vinavyofundisha vijana kufungua injini viwafundishe pia kupima pistoni na kukokotoa uwiano, na wakongwe wa gereji waitwe waje kufundisha kwa mikono yao.

Wewe mwenye pikipiki unaweza kuanza leo. Ukienda kubadilisha breki, muulize fundi masta silinda yako ni ya milimita ngapi na pistoni ya kalipa ni ya ngapi. Akijibu kwa kukutajia jina la pikipiki kubwa, mshukuru uondoke. Akitoa venia, kaa chini, muagizie chai, na bei atakayoitaja usiipunguze.