Shusha Resolusheni Kwanza

Juzi Kariakoo nilimkuta kijana amezungukwa na wenzake, wanamsifia kompyuta yake. Kasha la kioo, taa kila kona, kadi ya grafiki mpya, ndefu kama mkono. Gemu inagandaganda mbele ya macho yetu na bado watu wanasema, "Chuma hicho!" Iliniuma. Prosesa ilikuwa Core i5 ya kizazi cha tatu, ya mwaka 2012. Pesa yote imeliwa na kadi, na kadi imekaa bure.

Kadi haihukumiwi kwa umri. Fungua Task Manager huku gemu ikiendelea. Kadi ikisoma asilimia 97 na kuendelea, imelemewa. Ikisoma 50 na picha zinakwama, inasubiri kazi.

Ila jaribio ambalo wanaoanza hulipita ni hili: shusha resolusheni. Toka 1920 kwa 1080, nenda 1280 kwa 720, kisha cheza palepale, kona ileile, maadui walewale. Nukta za kuchora zimepungua zaidi ya nusu. Fremu zikipanda kutoka 35 hadi 60, kanunue kadi. Zikibaki 35, usitoe hata shilingi. Anayechelewa ni prosesa au ramu. Fundi aliyenifundisha, mzee wa kompyuta za mtumba, hakuuza kadi kabla ya jaribio hilo. Nilimwona akimrudishia mteja noti zake, akamwambia aongeze ramu ya pili, pacha wa ile ya kwanza. Gemu ikatulia.

Matapeli nao wamejaa. Nimewahi kushika kadi inayojiita GTX 1050 Ti, nyuma ina tundu la bluu la VGA. NVIDIA iliachana na analogi kama hiyo tangu kizazi cha kadi hiyo, Pascal ya 2016! Ndani ilikuwa GTS 450 ya 2010, imebadilishwa BIOS. Programu ya GPU-Z ikaiumbua.

Kadi nzuri haihitaji taa. Zamani tulianza na wati: tundu la PCIe linatoa 75, pawa saplai ya baadhi ya kompyuta nyembamba za OptiPlex ina 240, ukapanga ndani ya hapo. Mikono ilikuwa na adabu.

Nilimwomba yule kijana wa Kariakoo ashushe resolusheni. Fremu hazikusogea hata moja. Wenzake wakanyamaza, yeye akaanza kutafuta risiti ya kadi.