Kabla ya kusema ni kichaa

Mbwa akianguka kwa degedege na kutokwa povu pale Makurunge, pwani ya Tanzania, watu husema mara moja: kichaa cha mbwa. Hawakosei kuhofu. Ila distempa, ugonjwa mwingine wa mbwa, nayo huleta povu na degedege, hutikisa taya, na kwa kumtazama mnyama tu hakuna awezaye kuitenganisha na kichaa kwa uhakika. Jibu hutoka maabara, na mfano mzuri wa jinsi jibu kama hilo lilivyopatikana uko hapa hapa nchini.

Mwanzoni mwa 1994 simba wa Serengeti walianza kufa kwa degedege. Melody Roelke-Parker, aliyekuwa daktari wa wanyama wa hifadhi zetu za taifa, na wenzake walichukua sampuli. Wataalamu wa patholojia walikata vipande vyembamba vya ubongo na mapafu, wakavitia rangi na kuviweka chini ya hadubini: ubongo ulikuwa na uvimbe, mapafu yana nimonia. Distempa huacha pia alama yake, vidoa vya waridi ndani ya seli. Hata hivyo uvimbe wa ubongo una visababishi vingi, hivyo ushahidi huo pekee haukutosha.

Ndipo vinasaba vikatafutwa. Kirusi cha distempa, ndugu wa virusi vya surua na sotoka, kina vinasaba vya RNA. Maabara hutumia kimeng'enya kuigeuza RNA kuwa DNA, kisha PCR huirudufu sehemu iliyochaguliwa mara mamilioni mpaka ionekane. Herufi za vinasaba zikasomwa, na kirusi cha simba kikaonekana kuwa jamaa wa karibu wa kile cha mbwa wa kufugwa. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo kilichobeba kesi yote, kwa kuwa kilitaja kirusi na kuonyesha jamaa zake.

Kipimo cha tatu ndicho kinachosomwa vibaya zaidi. Seramu ya damu ya mnyama huchanganywa na kirusi hai, kisha mchanganyiko humwagwa juu ya seli zilizooteshwa. Seli zikisalimika, seramu ina kingamwili. Kufikia Agosti 1994, asilimia 85 ya simba wa Serengeti walikuwa nazo. Waliokufa wanakadiriwa kuwa theluthi moja hivi. Maana yake ni kwamba wengi waliambukizwa wakapona, na kingamwili husema tu kwamba kirusi kilipita. Kwa mbwa aliyechanjwa, kipimo kimoja cha aina hiyo karibu hakina maana. Inabidi damu ichukuliwe mara mbili, wiki mbili au tatu zikiwa katikati, kuona kama kiwango kimepanda mara nne au zaidi. Tena mbwa anayezidiwa haraka anaweza kufa kabla hajatengeneza kingamwili za kutosha, na majibu yake yakasomeka kama ya mbwa asiye na distempa.

Mwishoni mwa 2000 distempa ilizuka kwa mbwa mwitu waliokuwa wakizalishwa katika hifadhi ya Mkomazi. Kati ya 52 walikufa 49 ndani ya miezi miwili. Huko nako haikutegemewa njia moja: tishu zilichunguzwa, kirusi kikaoteshwa, PCR ikafanywa, vinasaba vikasomwa.

Mambo mengi huharibikia kwenye sampuli, kabla hata ya kufika maabara. Siku za mwanzo, mbwa anapotoa tongo na makamasi, pamba iliyofutwa ndani ya kope hubeba kirusi kingi. Akishafikia degedege, kope zinaweza kuwa safi. Mkojo au maji ya uti wa mgongo hufaa zaidi. RNA huoza upesi kwa joto, na joto la pwani hii tunalijua. Fomalini nayo hutunza tishu vizuri kwa ajili ya hadubini, lakini huua kirusi na kuivuruga PCR. Kwa hiyo kila kiungo kikatwe vipande viwili, kimoja fomalini, kingine barafuni, na ubongo usitumbukizwe wote kwenye fomalini, maana kipimo cha kawaida cha kichaa hutaka ubongo mbichi.

Kichaa ndicho kianze kupimwa, kwa sababu distempa haimuui binadamu. Mbwa wako akifa na dalili hizo, usimpasue wala usimzike kabla ya kumwita bwana mifugo wa kata. Yeye ndiye wa kukitoa kichwa akiwa na glavu na kukipeleka, kikiwa kwenye barafu, maabara ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), Temeke. Na kama kuna aliyeng'atwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha awahi hospitali siku hiyo hiyo bila kusubiri majibu.