Gari ya zamani, tuihukumu kwa kitambaa ama kwa mzigo?

Ndugu wasomi wenzangu wa Kasongo na Kabambare, juma hii picha za magari ya zamani ya Nairobi zimezunguka sana kwenye simu zetu. Mmoja wetu akaandika chini yake: wenzetu wako na historia, sisi tuko na vyuma tu. Niko na neno juu ya hiyo.

Ile sherehe inaitwa Concours d'Elegance. Ilianza mwaka 1970, inatayarishwa na klabu ya wenye Alfa Romeo, na inafanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Majaji wanafungua boneti, wanatazama viti, wanainama mpaka chini ya gari. Uchafu unakula pointi. Kazi yao naikubali: mtu aliyetunza gari miaka makumi ikabaki vile ilitoka kiwandani, huyo anajua kuheshimu kitu. Lakini mimi ni mtu wa kilimo. Mbegu hatuichagui juu ya kung'aa. Tunaiotesha kwanza, tunahesabu ngapi zimetoka. Gari ambayo matope ni kosa lake, tumeijaribu na nini?

Kenya hiyohiyo iko na jibu lingine, na hilo nalipenda zaidi. Mwaka 1953 walianzisha mbio za Safari, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 alishinda Joginder Singh, mekanisiye wa Kenya, pamoja na ndugu yake Jaswant, ndani ya Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya, ilikuwa imeshatumika kwa mbio. Na tangu 2003 kuna Safari ya magari ya zamani peke yake: Ford Escort, Datsun, Porsche 911 zinakula vumbi tena. Hapo njo gari inaulizwa swali la kweli. Ila nyuma ya magari hayo kuna mengine ya msaada, yamejaa mapiesi na mafundi. Na watu wa vijiji tunawaona kwenye video sekunde mbili, wanapunga mkono kando ya njia, basi. Njia ni yao, mashindano si yao.

Sasa kwetu. Kamio inayotoka Kabambare na karanga mwezi wa tatu, mvua inapiga, nyuma yake hakuna gari ya msaada. Resori ikivunjika, wanaifunga na mti na mpira wa kinga kuukuu, wanatambaa mpaka kijiji cha mbele. Fundi anakata chuma cha gari iliyokufa, anakichonga kiwe piesi. Na zile kinga zinazosukumwa na mizigo kutoka kituo cha treni cha Samba, fremu imeunganishwa mara ngapi? Mwenyewe hajui tena.

Hapo yule mwenzetu amegusa ukweli kidogo, hata kama hakukusudia. Kule Nairobi gari inafika na karatasi zake: mwaka, kiwanda, wote walioimiliki. Kwetu ukimuuliza shofere kamio yake ni ya mwaka gani, atasema ni ya wakati wa Mobutu. Injini imetoka kwa moja, kabini kwa ingine. Mzee aliyeziunganisha njo kitabu chenyewe, na akifa kinafungwa. Sisi tunaandika memware juu ya muhogo na mpunga, tunapiga hesabu ya kilo kwa hekta. Juu ya ile chuma inayopeleka mpunga sokoni, ukurasa hata mmoja sijauona.

Siku tukifanya sherehe yetu hapa Kasongo, madaftari ya Nairobi nitayachukua. Kitambaa wabaki nacho. Na kwenye juri nataka mama mmoja muuza karanga wa Kabambare. Yeye atauliza kwanza breki, halafu atauliza gunia ni pesa ngapi.