Sioyaye: Wimbo, Mighani na Jirani Anayekejeliwa

Mtahiniwa akiulizwa kuhusu nyiso, aghalabu hujibu kwa orodha: huimbwa jandoni, hukuza ujasiri, hudumisha umoja. Majibu hayo si makosa, ila hayamfikishi mbali anapokabiliwa na wimbo wenyewe. Tuutazame Sioyaye wa Wabukusu, ambao wanafunzi wengi wa Bungoma na Kitale huusikia Agosti ya miaka ya shufwa, kama vile 2022 na 2024.

Huimbwa alfajiri, kijana anaporejea kutoka mtoni amepakwa tope mwili mzima, akisindikizwa hadi uani kwa babake ambako ngariba anamngoja. Fanani hutoa, umati huitikia. Muktadha huo ndio unaoufanya uwe wimbo wa nyiso; maneno yayo hayo yakiimbwa darasani mwezi wa Februari ni mfano tu wa nyiso.

Mtunzi hajulikani. Hata hivyo, jamii ina mighani kuhusu chanzo cha jando lenyewe. Mango alimuua joka aliyekuwa akiangamiza watu katika pango la Mwiala, naye akapashwa tohara na Barwa, yaani majirani wa jamii za Kikalenjini. Mwalimu asiifundishe kama tarehe ya historia. Uzito wake umo katika jambo ambalo jamii inalikiri: desturi inayojivunia iliipokea mkononi mwa jirani.

Hapa ndipo uhakiki unapoanza hasa. Katika Sioyaye mna ubeti unaomwambia mwoga akimbilie Ujaluo, ambako kijadi wanaume hawatahiriwi. Jirani mmoja anatambuliwa katika mighani, mwingine anafanywa kichekesho katika wimbo. Mtahiniwa anapoandika kwamba wimbo huu “unaleta umoja”, tumuulize: umoja wa nani? Darasani Kitale, Mbukusu, Mjaluo, Msabaoti na Mturkana wanaweza kuketi dawati moja.

Wapo walimu wanaouruka ubeti huo kwa heshima ya wanafunzi. Nia ni njema, lakini naona tunawanyima ushahidi. Nyimbo za jamii huunganisha kwa kutenga pia, na udhaifu huo wa nyiso ni hoja halali ya mtihani sawa na umuhimu wake. Ubeti usomwe kwa utulivu, kisha uchambuliwe: kejeli, taswira ya safari, nafsi inayonena, na yule anayechekwa bila kupewa nafasi ya kujibu.