Fundi Asiyeharakia Kuiwasha

Kompyuta ya miaka ya 1970 ikiokolewa kutoka stoo, kila anayeiona huuliza kama inawaka. Fundi anayeijua kazi yake hana haraka ya kulijibu swali hilo. Huanza kwa kuuchomoa waya wa umeme na kuuweka mbali, mgeni asije akajaribu bahati. Ukimtazama utadhani anachelewesha kazi, kumbe hiyo ndiyo kazi yenyewe: kujua mashine ina nini, imekosa nini, na itaumia wapi ikipewa umeme kabla ya wakati.

Mashine ninazozisemea ni minikompyuta, zilizoitwa ndogo katika zama ambapo kompyuta ya kawaida ilijaza chumba. Iliyovuma sana ni PDP-8 ya Digital Equipment Corporation, yaani DEC, kampuni ya Maynard, Massachusetts. Ilitoka mwaka 1965 kwa dola 18,000 hivi, bei ambayo hata maabara moja ya chuo iliweza kuimudu. Mwaka 1970, uleule ambao kituo cha setilaiti cha Longonot kilifunguliwa hapa Bonde la Ufa, DEC ilitoa PDP-8/E. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Compaq mwaka 1998. Hakuna tena dirisha la kuagizia spea.

Sisi wa Milimani, Nakuru, tunajua jinsi vitu vinavyopotelewa na viungo. Katika nyumba za zamani kwenye mteremko wa Menengai, redio za valvu, taipureta na vyerehani hulala stoo hadi mwenye nyumba ahame. Hapo mnunuzi wa skrapu huja na mkokoteni na mizani. Kwenye mizani, kifuniko cha chuma kina thamani kuliko kadi ya saketi, na kadi nayo hutafutwa kwa ajili ya dhahabu kidogo iliyopakwa kwenye miguso yake. Vitabu vya maelekezo huishia kuwashia jiko. Minikompyuta duniani kote zimepita njia hiyohiyo, ndiyo maana nyingi hufika mezani kwa fundi zikiwa nusu.

Baada ya kufuta vumbi na sponji ya feni iliyooza ikawa unga unaonata, fundi huitenga pawasaplai na mashine. Adui aliyejificha humo ni kapasita kubwa. Ndani yake kuna utando mwembamba wa oksidi unaozuia umeme kuvuja, na utando huo hudhoofika kapasita ikikaa miaka bila kutumika. Ukiipa volti zote kwa mkupuo, inachemka na hata kupasuka. Kwa hiyo fundi humpandishia volti kidogo kidogo mgonjwa wake, kwa saa nyingi, huku akiangalia kwenye mita mkondo unaovuja ukipungua. Kapasita isiyopona hubadilishwa. Kisha pawasaplai hufungiwa rezista kubwa badala ya kompyuta, ithibitike kwamba laini ya volti 5 inabaki volti 5 inapobeba mzigo. Ikizidi, chipu ambazo hazipatikani kirahisi zitaungua kwa sekunde moja.

Sehemu inayonivutia zaidi ni ile ya kutafuta kisichokuwepo. Kwenye PDP-8/E kadi huchomekwa kwenye reli iitwayo Omnibus, yenye miguso 144 kwa kila nafasi, na karibu kila nafasi ni sawa na jirani yake. Nafasi tupu, basi, haikuambii ilikuwa na kadi gani. Fundi huuliza kwa majukumu: nani anapiga saa ya mashine, nani anashika rejista, nani anasukuma kumbukumbu? Asiye na jibu ndiye aliyepotea. DEC iliwasaidia mafundi wa leo bila kujua, kwa kuwa iliuza mashine zake pamoja na michoro kamili ya saketi. Mwenye mchoro na chipu za familia ya 7400, ambazo baadhi zinatengenezwa hadi sasa, anaweza kuijenga upya kadi iliyokosekana.

Kumbukumbu ni mtihani mwingine. Ni vipete vya feriti vilivyotungwa kwenye nyaya kama shanga, kipete kimoja kwa kila biti. Maneno 4,096 ya biti 12 yanadai vipete 49,152. Kukisoma kipete ni kukifuta, hivyo mashine hulazimika kukiandika tena papo hapo. Umeme ukikatika, vipete havisahau. Programu ya mwisho inaweza kuwa bado imo. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoharakisha. Kumbukumbu ikiwa imeharibika kabisa, fundi huweka kadi yenye chipu za kisasa, akaandika wazi kwamba ni mbadala, na ile ya asili akaihifadhi na lebo yake. Hapo namwamini zaidi: hafichi kiraka.

Mashine ya Marekani ikifika Nakuru ina shida ya ziada. Transfoma iliyofungwa kwa volti 115 lazima ifungwe upya kwa 240. Teletaipu ya ASR-33, iliyotumika kuchapa na kusoma utepe wa karatasi, ina mota inayofuata mizunguko ya umeme. Gia za hezi 60 zikiendeshwa kwa hezi 50 zetu, mwendo unapungua kwa moja ya sita na herufi zinatoka ovyo. Dawa yake ni jozi nyingine ya gia. Kwa kazi hiyo hatuhitaji kuagiza ng'ambo: kuhesabu meno, kupima na kukereza ni elimu ambayo mafundi wa jua kali wanayo tayari.

Mwishowe huja jaribio la kwanza, nalo ni dogo mno. Kwa swichi za mbele fundi anaingiza maagizo mawili tu, 7001 na 5200: ongeza moja, rudi nyuma. Anaiendesha hatua kwa hatua, na kila akibonyeza mara mbili, taa zinahesabu moja zaidi.

Subira hii imezaa matunda. Huko Bletchley Park, Uingereza, kompyuta ya Harwell ya mwaka 1951, yenye uzito wa tani 2.5, ilirudi kazini mwaka 2012. Huko Mountain View, California, watu waliojitolea waliifufua PDP-1, na Spacewar, mchezo uliotungwa na Steve Russell na wenzake mwaka 1962, ukachezwa tena kwenye kioo chake cha duara.

Ndugu msomaji, ukiwa na mashine kongwe stoo, iwe kompyuta, redio au mizani ya duka, usimwite mtu wa skrapu kabla ya kukusanya vitabu vyake, michoro, nyaya na skrubu zilizolegea. Vitie kwenye mfuko mmoja, uandike vimetoka wapi. Spea inaweza kutengenezwa upya na fundi wa mtaani, lakini hawezi kuanza bila mchoro.